Bufee ya Asubuhi Tukuyu: Ombeni Vya Huku

Marafiki wanaosafiri kwa gari kutoka Mbeya kwenda Kyela au mpakani Kasumulu hawana budi kupita Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, yapata kilomita 70 kutoka Mbeya mjini. Barabara inaiacha njia kuu ya Dar es Salaam pale Uyole, inapanda safu ya Uporoto kwenye mashamba ya viazi mviringo, kisha inateremka taratibu katikati ya migomba na chai. Wengi hulala hapo usiku mmoja au miwili kwa ajili ya Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira, au wakijiandaa kuteremka ufukweni Matema. Asubuhi huingia mgahawani na kukuta meza ya bufee: slesi za mkate, siagi ya kopo, soseji, mayai ya kukaanga, tikiti maji lililokatwa vipande, chupa ya maji ya moto na vifuko vya chai. Meza hiyo hiyo wangeikuta Singida, Kahama au Masasi. Wanakula, wanashiba, wanaondoka, na mji waliolala hawajauonja. Ninachotetea hapa ni kwamba bufee ya asubuhi katika mji mdogo inaweza kuwa saa bora kuliko zote za safari, kwa sharti moja: meza ibebe kile ambacho wilaya yenyewe inazalisha. Na wenye uwezo wa kulitimiza sharti hilo kwa haraka ni wasafiri wenyewe, hasa wale wanaosafiri wakiwa kundi.

Tuanze na ardhi, kwa kuwa ndiyo shahidi wa kwanza. Rungwe ni nchi ya volkano. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000, na Ngosi ni ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano. Udongo wake ni mweusi na mzito, na mvua ni nyingi kuliko karibu kila mahali Tanzania. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana mgomba unastawi hadi mlangoni mwa nyumba. Kuna magimbi mabondeni, maharage, viazi, tangawizi, na parachichi ambazo miaka ya karibuni zimewapatia wakulima wengi soko la nje kwa aina ya Hass. Kuna ng'ombe wa maziwa wanaokatiwa majani na kulishwa bandani. Kuna chai ya wakulima wadogo inayopelekwa kiwandani Katumba, ikichumwa majani mawili na kichipukizi chake. Ukiteremka kusini kwa mwendo wa saa moja na ushee unafika Kyela, kwenye mchele unaosifiwa nchi nzima kwa harufu yake na kwenye kakao nyingi kuliko wilaya nyingine yoyote Tanzania, na mbele yake ni Ziwa Nyasa lenye mbasa na usipa. Ni wilaya chache zenye bahati ya kuwa na mlima, bonde na ziwa karibu hivyo na jikoni kwao.

Sasa tuitazame tena ile meza ya mkate na soseji, tuulize kila kitu kimetoka wapi. Ngano ya Tanzania kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje, kwa hiyo slesi ya mkate imevuka bahari kabla ya kufika mlimani. Soseji zimetoka kiwandani mjini zikiwa kwenye barafu. Tikiti maji hupenda joto na jua kali, mambo ambayo Tukuyu haina, basi nalo limepandishwa kutoka kwingine. Kifuko cha chai kinaweza kuwa kimetoka kiwanda cha mbali, ilhali chai mbichi imetanda pembeni mwa barabara aliyopita mgeni. Kama kuna kopo la kahawa ya unga, huenda limetengenezwa Bukoba, kwenye kiwanda cha Tanica. Hiyo ni bidhaa ya nyumbani na haina aibu yoyote, lakini imetoka kona nyingine kabisa ya nchi, wakati buni ya arabika inalimwa Mbozi, jirani na Mbeya. Sisemi kwamba chakula kilichosafiri ni kibaya. Nasema kwamba mgeni aliyetumia mafuta na muda kufika Rungwe amelishwa kila kitu isipokuwa Rungwe, na fedha aliyolipia kifungua kinywa imepita tu mjini kwenda kwa msambazaji wa mbali. Mkulima wa ndizi aliye mita mia mbili kutoka pale hakuambulia chochote.

Meza nyingine inawezekana, na haihitaji ufundi wa kigeni. Tuchukue chungu kimoja tu. Ndizi za kupika, ambazo wenyeji huziita mbalaga, humenywa zikiwa mbichi, na utomvu wake huganda mikononi na kuacha weusi usiotoka kwa maji matupu. Ndiyo maana mpishi hujipaka mafuta viganjani kabla ya kushika kisu. Zikishamenywa hutumbukizwa kwenye maji zisibadilike rangi, kisha hupikwa pamoja na maharage yaliyokwisha kuiva, au na nyama, mpaka mchuzi unakuwa mzito na ndizi inakatika kwa ubavu wa kijiko. Pembeni yake kuna magimbi yaliyochemshwa na maganda yake. Gimbi halina haraka: lisipoiva sawasawa linawasha koo, na likiiva ganda linavuliwa kwa vidole, nyama yake ikabaki laini, ya kijivu kidogo, inayoshikana na chai vizuri kuliko mkate wowote. Chai yenyewe haichovywi. Maji, maziwa mabichi, majani na tangawizi iliyopondwa huchemka katika sufuria moja hadi rangi inakolea, ndipo inachujwa. Ongeza vitumbua vya mchele wa Kyela uliolowekwa tangu jana, parachichi zilizopasuliwa nusu nusu na chumvi yake, usipa waliokaangwa kwa kitunguu na nyanya, na uji wa ulezi kwa anayeutaka. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho mwanamke wa Tukuyu hajui kukipika. Kinachokosekana ni mtu wa kukiagiza.

Hapo ndipo marafiki wanapoingia, na naomba msomaji alipime jambo hili kwa hesabu ya jikoni. Mgeni mmoja akiomba ndizi, magimbi na vitumbua asubuhi ya leo, mpishi atamkatalia, na ana haki. Atamenya ndizi tatu? Atawasha moto saa nzima kwa gimbi moja? Ataloweka mchele kikombe kimoja? Mkate na yai vimeshinda katika migahawa midogo kwa sababu vinaweza kutolewa kwa mtu mmoja ndani ya dakika kumi, na visipoliwa leo vitaliwa kesho. Lakini watu wanane wakitoa taarifa jioni, hesabu inageuka. Chungu cha ndizi kinajaa, sufuria ya chai inafaa, na moto unaowashwa saa kumi na moja alfajiri unapika vitu vinne badala ya kimoja. Bufee ndiyo namna inayofaa zaidi kwa chakula cha aina hii, kwa maana ni chakula cha vyungu vikubwa tangu asili yake. Hoteli kubwa za mijini zinaweka bufee kwa ajili ya wageni mia wasiojuana. Mji mdogo hauna wageni mia, ila mara moja moja unapata kundi la marafiki, na kundi hilo likijitambua lina nguvu ya kubadilisha kinachopikwa.

Rungwe yenyewe ina historia inayothibitisha kwamba kundi na jiko ni vitu vinavyokwenda pamoja. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alichapisha mwaka 1951 kitabu Good Company kuhusu vijiji vyao vya marika. Anaeleza jinsi wavulana wa rika moja walivyokuwa wakijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao na kulala huko, huku wakiendelea kula kwa mama zao. Hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na kila mama alijua kwamba atapikia marafiki wa mwanawe, kama wengine watakavyompikia wake. Vijiji vya namna ile havipo tena, na sitaki kuvipamba kuliko vilivyokuwa. Mzigo wa upishi uliwaangukia wanawake, kama unavyowaangukia leo. Lakini somo lake ni la kweli. Chakula kizuri cha Rungwe kilijengwa juu ya matarajio kwamba watakuja wengi na watakaa. Anayekula peke yake kwa haraka, macho kwenye simu, hawezi kukifaidi, hata akiwekewa mbele yake. Marafiki hukifaidi kwa sababu mmoja anachukua ndizi, mwingine anaanza na gimbi, wa tatu anaonja usipa na kuwashawishi wenzake, na kabla ya kikombe cha pili cha chai kila mmoja amekula alichokuwa hakijui.

Yapo mapingamizi, na baadhi ni mazito. La kwanza ni kwamba mgeni anataka alichokizoea. Kuna mzee mwenye tumbo jepesi, kuna mtoto asiyekula kingine ila mkate na yai, kuna msafiri wa kazi mwenye kikao saa mbili. Nakubali, na sitaki mtu yeyote alazimishwe gimbi. Lakini bufee ina ubora huu hasa: haimlazimishi mtu. Sahani inayoletwa imeshapangwa jikoni inamfunga mlaji. Meza yenye vyombo vingi inamwachia achague. Mkate na mayai vibaki upande mmoja. Ninalolipinga ni vitu hivyo kuitwaa meza nzima, hata mwenye hamu ya kuonja akakosa nafasi. Tena tusiseme kwa niaba ya wageni bila kuwauliza. Kule Lushoto, shamba la Irente kwa miaka mingi limekuwa likiwapa wageni mkate, jibini na jamu vilivyotengenezwa papo hapo, na watu hupanda mlima kwa ajili hiyo. Pwani ya Kenya, mahamri na mbaazi za nazi huombwa asubuhi na wenyeji na wageni kwa pamoja. Moshi, mtori wa ndizi na nyama haujawahi kuona aibu mbele ya soseji. Katika sehemu hizo zote wenyeji walikithamini kwanza chakula chao hadharani, na mgeni akafuata.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaoipenda sana mitaa: kwa nini kuhangaika na bufee wakati mama lishe yupo pembeni ya stendi, na supu yake ya moto na chapati? Hili nalithamini kwa moyo wote, kwa kuwa supu ya asubuhi ya kibandani ni miongoni mwa vitu bora vinavyopikwa nchini. Hata hivyo kibanda kina kazi yake. Kinahudumia dereva wa bodaboda, mbeba mizigo na mwalimu anayewahi shule, watu wanaokaa dakika kumi na kumpisha mwingine. Kundi la watu wanane likikalia mabenchi yote kwa saa nzima kwa mazungumzo, limewanyima nafasi wateja wa kila siku. Kibanda pia hupika vitu viwili au vitatu kwa ustadi mkubwa. Hakidai kuionyesha wilaya yote. Njia iliyo bora ni kuviunganisha. Mgahawa unaweza kununua vitumbua na chapati kwa mama lishe badala ya kujaribu kuvipika wenyewe, ukachukua maziwa kwa mfugaji wa jirani na ndizi sokoni. Hivyo meza moja ya asubuhi inalipa mikono mingi, na kila aliyepika amepika anachokiweza zaidi.

La tatu ni upotevu na usafi, na hapa wakosoaji wa bufee wana hoja nzito. Bufee nyingi hutupa chakula kingi kwa sababu mpishi hajui ni wangapi watakuja, na hulazimika kuijaza meza mpaka mwisho ili isionekane tupu. Kwa kundi la marafiki lililotoa taarifa, idadi inajulikana tangu jioni. Vyombo vinaweza kuwekwa vidogo na kuongezwa kadiri vinavyopungua. Gimbi lililobaki linaliwa mchana, maharage yanapashwa moto, ila yai la kukaanga lililopoa halina mteja. Kuhusu usafi, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya muda wa saa mbili, na kinachotolewa cha moto kitunzwe juu ya nyuzi 60. Mgahawa mdogo unaweza kulitimiza hilo bila mitambo ya gharama: hotipoti zenye mifuniko inayobana, jiko la mkaa lenye moto mdogo chini ya chungu, maziwa yaliyochemshwa, matunda yaliyooshwa kwa maji salama na kukatwa muda wa kula ukifika. Mlaji naye ana haki ya kugusa kifuniko na kuuliza. Ndizi zinazotoa mvuke ni salama kuliko soseji zilizokaa vuguvugu tangu saa kumi na mbili.

Pingamizi la nne ndilo linalonigusa zaidi, na linahusu ukweli wenyewe. Mtu wa Tukuyu anaweza kusema kwamba hakuna nyumba inayokula vitu saba asubuhi. Nyumbani ni chai na gimbi, au chai na kiporo cha ndizi za jana, basi. Meza ninayoisifu ni ya kutunga. Nakiri kwamba mkusanyiko huo haupo nyumbani kwa mtu. Lakini kila kilichomo kipo, na kila kimoja kina mwenyewe, msimu wake na shamba lake. Uongo ungekuwa kuvalisha wahudumu nguo za maonyesho na kuwatungia wageni hadithi za kale. Kuweka pamoja chakula halisi cha watu wanaoishi leo hakumdanganyi mtu. Nyuma ya pingamizi hili, hata hivyo, mara nyingi kuna jambo lingine lisilosemwa: hofu kwamba gimbi na ndizi ni chakula cha nyumbani, kisichostahili kuwekwa mbele ya mgeni anayelipa. Hofu hiyo imetugharimu. Imewafanya wamiliki wa migahawa wanunue kwa bei kubwa kitu cha wastani na kukificha kitu bora walichonacho bure uani. Mgeni anayekula ndizi za Rungwe kwa furaha mezani, mbele ya aliyezipika, anaisaidia hofu hiyo kuondoka kuliko hotuba yoyote ya utalii.

Linabaki suala la gharama, na sitaki kulipita kwa maneno matamu. Kazi hii ni kubwa kuliko kukaanga mayai. Kuna mtu ataamka gizani, katika baridi ya Tukuyu ambayo miezi ya Juni na Julai si ya mchezo, awashe moto, amenye, achuje, apange. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke anayelipwa kidogo. Kama kundi linataka meza ya namna hii kwa bei ile ile ya mkate na yai, basi linaomba kazi ya bure. Vifaa vyenyewe mara nyingi ni nafuu kuliko vya dukani. Ndizi na magimbi msimu wake hayana bei ya kutisha. Kwa hiyo tofauti inayolipwa iende kwenye kazi, na wageni waseme hivyo waziwazi wakati wa kuagiza. Watu wanane wakigawana nyongeza hiyo, kila mmoja hutoa kiasi kidogo, na mpishi mmoja huona faida ya kweli. Kundi la pili likija wiki ijayo na kuomba vilevile, mwenye mgahawa hatasubiri kuombwa na kundi la tatu. Atakiweka mwenyewe, kwa maana biashara ndogo hujifunza haraka kile kinacholiwa chote na kulipiwa bila ubishi.

Basi kwako unayepanga safari na wenzako, iwe Tukuyu, Lushoto, Bukoba au mji wowote mdogo uliopo njiani, nakuomba mambo manne. Mkifika jioni, kabla ya kupanda kulala, nendeni jikoni au mapokezi mseme kwa heshima: mama, kesho asubuhi tupo wanane, tunaomba utupikie vya huku. Ulizeni msimu huu kuna nini, msidai kisichokuwepo. Kubalianeni bei inayomtosha mpishi, na mlipe sehemu yake jioni hiyo hiyo ili apate cha kwendea sokoni. Na asubuhi msiwe na haraka. Tengeni saa nzima, zimeni simu, onjeni kila chungu, na kabla ya kuondoka mwiteni aliyepika mumshukuru.